Njuga za Rosie

Mnamo mwaka 1958 R. K. Narayan, mwandishi wa Bara Hindi, alitoa riwaya iitwayo The Guide, iliyotunukiwa tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 1960. Mwaka 1965 Vijay Anand aliifanya filamu ya Kihindi, Dev Anand akiwa Raju na Waheeda Rehman akiwa Rosie.

Kitenzi kimoja cha lugha yetu chatosha kuisimulia. Rosie, binti wa ukoo wa wacheza ngoma, afunga ndoa na Marco, mtaalamu wa mambo ya kale. Heshima aipata, lakini njuga azivua, kwani mumewe hataki kusikia habari za ngoma. Raju, mtembeza wageni, amhimiza, naye azifunga tena miguuni. Wengi huiita hadithi ya mapenzi. Sisi twaona kwamba furaha ya Rosie saa ile ni yake peke yake. Raju apotea pale pale mwenziwe anapong'aa: aghushi saini yake, afungwa gerezani, atokapo, wanakijiji wamdhania mtawa, na yambidi afunge saumu ili mvua inyeshe.

Narayan hakuipenda filamu hiyo. Malgudi, mji wake mdogo wa kubuni, haumo. Mahali pake twaonyeshwa fahari ya Udaipur. Tena riwaya yaishia Raju akisema kwamba kunanyesha milimani, wala msomaji haambiwi kama ni kweli. Katika filamu mvua yanyesha, na Raju afa. Kwa mwisho huo twamwunga mkono mwandishi, ijapokuwa ngoma ya Waheeda Rehman tusingependa kuikosa.