Ngazi au Mti? Nadharia ya Mageuko ya Viumbe na Dhana ya Wahamu katika Historia ya Gitega na Muyinga, Burundi

Utangulizi

Historia ya nadharia ya mageuko ya viumbe husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa sayansi na dini. Kielelezo kinachotajwa zaidi ni majibizano ya Oxford ya mwaka 1860 kati ya Thomas Huxley na Askofu Samuel Wilberforce, miezi michache baada ya Charles Darwin kuchapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Simulizi hiyo haitoshi kuieleza Burundi. Katika nyanda za juu za Gitega na Muyinga, swali la asili ya binadamu halikuingia kama pambano la maabara na altare. Liliingia likiwa limebebwa na pande zote mbili kwa pamoja, katika umbo la dhana ya Wahamu. Makala haya yanadai kwamba dhana hiyo, wala si nadharia ya Darwin, ndiyo iliyoacha jeraha, na kwamba ufundishaji wa mageuko hauwezi kufanikiwa nchini humo pasipo kuzitenganisha mbili hizo waziwazi.

Hamu wa Maandiko na Hamu wa wasomi

Kitabu cha Mwanzo kinamtaja Hamu, mwana wa Nuhu. Laana iliyomo katika sura ya 9 inamwangukia Kanaani, mwanawe Hamu, na haisemi lolote kuhusu rangi ya ngozi. Hata hivyo, kwa karne nyingi baadhi ya wafasiri waliitumia kuhalalisha utumwa wa Waafrika. Baada ya msafara wa Napoleon nchini Misri mwaka 1798, wasomi wa Ulaya walikabiliwa na ustaarabu wa kale ambao hawakutaka kuukubali kuwa wa Kiafrika. Tafsiri ikageuzwa: Hamu akafanywa babu wa tawi la "weupe" lililodhaniwa kuleta ustaarabu barani. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, John Hanning Speke alilitumia wazo hilo kwa falme za Maziwa Makuu, akidai kwamba watawala wafugaji walitoka upande wa Ethiopia.

Wakati huohuo Herbert Spencer na wafuasi wake waliyatazama mataifa kana kwamba yamepangwa kwenye ngazi, kila moja kwenye kipago chake. Picha hiyo ni ya kale kuliko Darwin, na inapingana na hoja yake ya msingi. Darwin alieleza mti unaotawanyika matawi, usio na tawi lililokusudiwa kuwa kilele. Ni kweli kwamba hakuepuka kabisa lugha ya zama zake kuhusu watu "duni". Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1871 alitetea umoja wa asili ya wanadamu wote, akaona uwezekano mkubwa kwamba mababu wa awali waliishi Afrika. Ugunduzi wa Mary Leakey huko Olduvai, Tanganyika, mwaka 1959 ulikuja kuipa nguvu kauli hiyo.

Gitega: dhana inapogeuka utawala

Wamisionari wa Afrika walifungua misheni ya Muyaga mashariki mwa nchi mwaka 1898 na ya Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899. Wajerumani wakaweka makao yao ya utawala Gitega mwaka 1912. Mjiografia Hans Meyer, aliyepita nchini mwaka 1911, alichapisha mwaka 1916 kitabu kuhusu Warundi kilichoyahusisha maumbile ya miili na vyeo vya jamii. Chini ya Wabelgiji mtazamo huo ulidumu. Askofu Julien Gorju, aliyeongoza vikarieti ya Urundi tangu mwaka 1922, alichapisha mwaka 1938 kitabu ambacho anwani yake yenyewe iliuita ufalme jirani wa Ruanda kuwa wa Kihamu, na wa Urundi kuwa ndugu yake.

Mawazo hayo hayakubaki vitabuni. Mwanahistoria Joseph Gahama, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1983, ameonyesha kwamba mwaka 1929 Wahutu walikuwa takriban mmoja kati ya kila machifu watano. Kufikia mwaka 1945 hakuwako hata mmoja. Lugha nayo ilishiriki. Katika makoloni ya Wabelgiji, Mwafrika aliyesoma aliitwa "évolué", yaani aliyekwisha kugeuka na kupanda. Hivyo neno la mageuko lilisikika kwanza kama cheo, kabla halijafundishwa kama maelezo ya maumbile.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, uliotiwa saini baada ya miongo ya mauaji, ikiwamo ya mwaka 1972 na 1993, uliutaja mtazamo wa kibaguzi uliopandikizwa na wakoloni pamoja na chuki zilizojengwa juu ya sura na maumbo. Ni nadra kwa mkataba wa amani kulazimika kujibu nadharia ya biolojia ya uongo.

Mijadala ya dini

Dini zenyewe hazikuwa na jibu moja. Kwa Wakatoliki, ambao ni wengi Gitega, waraka wa Papa Pius XII wa mwaka 1950 uliruhusu utafiti kuhusu asili ya mwili wa binadamu, ukashikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na ukakataa wazo la Adamu wengi. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba nadharia hiyo imekuwa zaidi ya dhana tu. Makanisa mengi ya kiinjili, kwa upande wao, huisoma Mwanzo kwa maana ya moja kwa moja.

Muyinga, mji ulio kwenye njia ya kwenda mpaka wa Kobero na Tanzania, una jamii ya Waislamu wazungumzao Kiswahili. Katika Uislamu pia kumekuwa na rai tofauti. Jamal al-Din al-Afghani alimshambulia Darwin kwa ukali mwanzoni mwa miaka ya 1880, ilhali Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Lebanoni aliandika mwaka 1888 kwamba mageuko yakithibitishwa kwa hoja ya yakini, Maandiko yanaweza kufasiriwa kulingana nayo. Kuhusu kuumbwa kwa Adamu, wanazuoni wengi hawakubali mageuko hadi leo.

Tofauti hizo ni za kweli na hazifai kufunikwa. Lakini katika jambo lililoiumiza Burundi, wahusika wote wanakutana. Mwanzo inampa binadamu mzazi mmoja, sura ya 49 ya Kurani inayahesabu mataifa kuwa uzao wa mwanamume na mwanamke, na biolojia inathibitisha spishi moja. Richard Lewontin alionyesha mwaka 1972 kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijeni za wanadamu zimo ndani ya kila jamii, si baina ya jamii. Dhana ya Wahamu haina pa kuegemea, si madhabahuni wala maabarani.

Muyinga: mageuko yanayoonekana

Kwa watunga sera, suala hili si la historia pekee. Mlipuko wa malaria wa mwaka 2000 na 2001 uliikumba mikoa ya nyanda za juu, ikiwamo Muyinga na Gitega. Klorokwini, dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi, ilikuwa imepoteza makali. Sababu mojawapo ni uteuzi asilia: dawa iliua vimelea dhaifu, ikaacha vile vilivyobeba mabadiliko ya jeni yaliyovihimilisha, navyo vikazaana. Mwaka 2003 Burundi ilihamia mseto wa artesunati na amodiakwini. Mwaka 2020 watafiti waliripoti nchini Rwanda vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayohusishwa na usugu dhidi ya dawa za kundi la artemisinini. Mwalimu anayeruka somo la mageuko kwa kuogopa ugomvi wa imani anamnyima mganga wa kesho ufunguo wa kuuelewa ugonjwa unaolaza watoto wa kijiji chake.

Hitimisho

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, somo la mageuko lifundishwe pamoja na historia ya matumizi yake mabaya, ili mwanafunzi ajue kwamba ngazi ya mataifa haikutoka kwa ushahidi. Pili, istilahi za Kiswahili ziteuliwe kwa uangalifu. "Mageuko" yasichanganywe na "maendeleo", kwa kuwa kiumbe kinachogeuka hakipandi cheo. Tatu, mifano ianzie kwenye malaria, ambako mkristo na mwislamu wanakubaliana juu ya kinachoonekana, kabla ya kufika kwenye swali la Adamu, ambako kila mmoja atabaki na haki ya kuitetea imani yake. Gitega na Muyinga zimekwisha kulipa gharama ya biolojia ya uongo. Hazina sababu ya kulipa tena kwa kuikosa ile ya kweli.