Homoni, feromoni na tabia ya kujamiiana

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kubebwa na damu hadi viungo vingine, ukiwemo ubongo. Feromoni nazo hupeleka ujumbe, ila hutoka nje ya mwili: mnyama huzitoa kwenye mkojo, mate au tezi za ngozi, na mwenzake wa spishi hiyohiyo anapozinusa hubadilika tabia au mwili. Nguvu yake hutofautiana sana. Kwa nondo harufu ni amri. Kwa tembo ni habari inayopimwa pamoja na habari nyingine. Kwa binadamu, hadi sasa hakuna feromoni ya mapenzi iliyothibitishwa, ingawa homoni zinafanya kazi kila siku.

Beberu na jike

Mfugaji wa mbuzi hahitaji maabara kuliona jambo hili. Beberu anapokuwa tayari kupanda hujikojolea ndevu na miguu ya mbele, na harufu yake husikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Jike akikojoa, beberu huuonja mkojo, huinua kichwa na kukunja mdomo wa juu kwa sekunde kadhaa. Wakati huo huwa anazivuta kemikali za mkojo hadi kwenye kiungo cha Jacobson, kilicho juu ya kaakaa, ambacho huujulisha ubongo kama jike yuko kwenye joto.

Jike naye hunusa. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walitangaza kuwa wametambua, kwenye harufu ya nywele za kichwa cha beberu, kemikali iitwayo 4-etiloktanali. Kemikali hiyo huchochea sehemu ya ubongo wa jike inayoamuru homoni za uzazi zitolewe. Beberu aliyehasiwa haitoi, kwa kuwa mwili huitengeneza kwa msukumo wa testosteroni. Kwa hiyo homoni ya dume huzaa harufu, na harufu hiyo huamsha homoni za jike.

Jogoo wa 1849, nondo wa 1959

Ushahidi wa mwanzo wa homoni ulitoka kwa majogoo. Mwaka 1849, mjini Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga. Upanga wa kichwani ulinyauka, wakaacha kuwika kwa sauti ya jogoo na kupigana. Wale waliopandikizwa korodani tumboni walikua majogoo kamili, ingawa mishipa ya fahamu ya korodani hizo ilikuwa imekatwa. Berthold akaona kwamba ujumbe ulipita kwenye damu. Jina la homoni lilikuja mwaka 1905, kutoka kwa Mwingereza Ernest Starling.

Jina la feromoni lilisubiri hadi 1959. Mwaka huohuo kikundi cha Mjerumani Adolf Butenandt kilitangaza feromoni ya kwanza kutambuliwa kikemia, bombikoli, inayotolewa na jike wa nondo wa hariri. Kazi hiyo ilichukua miaka karibu 20 na tezi za nondo wapatao 500,000. Dume hupokea harufu hiyo kwa vipapasio vyenye umbo la kitana. Ukimwekea karatasi iliyopakwa bombikoli, hupigapiga mabawa na kuifuata, hata pasipo na jike yeyote.

Utiifu huo umewafaa wakulima. Nchini Tanzania na Kenya, mitego yenye feromoni ya jike hunasa nondo dume wa viwavijeshi, na hesabu ya walionaswa huonya mapema kabla viwavi hawajaingia shambani.

Tembo wa Amboseli na Pilanesberg

Mwaka 1981 Joyce Poole na Cynthia Moss, waliofuatilia tembo wa Amboseli nchini Kenya, walieleza kwamba tembo dume wa Afrika huingia katika masti, hali iliyokuwa ikijulikana zaidi kwa tembo wa Asia. Testosteroni hupanda mno, tezi za pembeni mwa kichwa huchuruzika majimaji na mkojo hudondoka mfululizo, ukiacha harufu njiani. Dume wa aina hiyo huwa mkali, hutafuta majike bila kuchoka, na madume wengine humpisha.

Hata hivyo, jamii ya tembo huweza kuizuia homoni. Huko Pilanesberg, Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, madume vijana waliohamishiwa hifadhini wakiwa mayatima waliingia masti mapema kuliko kawaida na kuua vifaru zaidi ya 40. Mwaka 1998 wakaletwa madume sita wakubwa. Masti ya vijana ikafupika, na mauaji yakakoma.

Binadamu

Kwa binadamu mzima kiungo cha Jacobson, kikionekana, hakionyeshi kufanya kazi, na jeni muhimu kwa kazi yake imeharibika. Dai la mwaka 1971 kwamba hedhi za wanawake wanaoishi pamoja huanza kulingana halikuthibitishwa na tafiti nyingi zilizofuata. Manukato yanayouzwa kwa jina la feromoni hayana ushahidi wa kuyategemea.

Homoni zina ushahidi ulio wazi. Testosteroni ikishuka mno, hamu ya tendo la ndoa hupungua kwa wanaume wengi. Oksitosini hutolewa wakati wa kujifungua, kunyonyesha na kufika kileleni. Mwenendo nao huziathiri homoni: utafiti wa mwaka 2011 mjini Cebu, Ufilipino, ulionyesha kuwa testosteroni ya wanaume hushuka wanapopata watoto, na zaidi kwa wanaowalea kwa saa nyingi. Miaka miwili kabla, utafiti uliofanywa kaskazini mwa Tanzania ulilinganisha jamii mbili jirani. Kwa Wahadzabe, ambao baba huwabeba na kuwatunza watoto wachanga, wenye watoto walikuwa na testosteroni ndogo kuliko wasio nao. Kwa Wadatoga, ambao malezi ya wachanga huachiwa akina mama, tofauti hiyo haikuonekana.