Biskuti za Idi nyumbani: kipimo, moto na mtoto aliyefunga

Kila likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, nyumbani kwetu swali ni lilelile: biskuti za Idi tununue au tuoke? Anayenunua simlaumu, kazi za mwezi huu tunazijua. Lakini mwenye mtoto wa miaka sita hadi kumi namshauri aoke, hata trei moja tu. Nazungumzia biskuti za sukari za kukata na kupamba, si vileja. Vileja vya unga wa mchele na samli ni vitamu, lakini huvunjika upesi na mtoto hapati pa kuchora.

Kipimo changu: siagi gramu 250, sukari gramu 200, unga wa ngano gramu 450, yai moja, vanila kijiko kimoja cha chai, iliki ya kusaga nusu kijiko na chumvi chembe tu. Sukari ikiwa ya chenga kubwa, isage kwanza kwenye blenda. Bekin poda siitii kabisa, kwa sababu inaumua biskuti. Mwezi unavimba na nyota inapoteza ncha zake. Piga siagi na sukari mpaka zilainike na kuwa nyeupe, tia yai, vanila na iliki, halafu unga kidogo kidogo.

Adui wetu huku pwani ni joto. Siagi huanza kuyeyuka ukiwa bado unatafuta kijiti cha kusukumia chapati. Kwa hivyo gawa donge mara mbili, libonyeze liwe bapa, lifunike, ulitie kwenye friji saa nzima. Sukuma moja huku jingine likisubiri ndani. Lisukume katikati ya karatasi mbili za kuokea, unene wa nusu sentimita, hutahitaji kunyunyiza unga mwingine. Ukishakata, rudisha trei kwenye friji dakika 15. Anayeruka hatua hii ndiye anayelalamika kwamba biskuti zake zimetambaa.

Vikatio si lazima. Gilasi inakata duara. Isogeze kidogo juu ya duara hilo, bonyeza tena, umepata mwezi mwandamo. Nyota ichore kwenye karatasi ngumu, mtu mzima aizungushie kisu. Binti yangu wa miaka minane alichoka na nyota, akaniomba nimkatie feri ya Likoni.

Oveni iwe na moto wa digrii 180, dakika 10 hadi 12. Zitoe pindi kingo zinapoanza kupiga wekundu, hata kama katikati panaonekana pabichi, maana zinakaza zikipoa. Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye mchanga juu ya seredani, trei ndogo iwekwe ndani, makaa machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko. Mama yangu aliokea hivyo miaka mingi. Funua baada ya dakika nane uangalie. Hapo mtoto akae mbali.

Aisingi ndiyo kazi yake. Changanya sukari ya unga gramu 200 na maji ya ndimu kijiko kikubwa kimoja, kisha maziwa matone kwa matone mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto mchanga. Wengi hutumia ute mweupe wa yai bichi. Mimi siutumii, kwa sababu mtoto atalamba na yai bichi huweza kuwa na vijidudu vya salmonela. Rangi ya manjano naipata kwa zafarani iliyorowekwa katika maji ya moto. Cha kuchorea, kunja karatasi ya kuokea kama kikaratasi cha muuza njugu, tia aisingi, ukate ncha ndogo. Biskuti ziwe zimepoa kabisa.

Sasa saa ya kufanya kazi hii, na hapa nilikosea mimi. Mwaka jana tulipamba alasiri. Binti yangu alikuwa amefunga, siku yake ya kwanza ya kutaka kufika magharibi. Aisingi ikamdondokea kidoleni, akalamba. Mimi sikuona. Nilichoona ni kwamba amenyamaza, na feri yake ameiacha nusu. Adhana ilipotoka nikampa tende, akairudisha sahanini.

"Mama, mimi sikufunga leo."

Nikamuuliza kama alipolamba alikumbuka kuwa amefunga. Akasema alikumbuka baadaye, akaenda kusukutua mdomo chooni. Muda wote ule alikuwa ameshinda na njaa na huku ameshajihukumu. Nikamwambia alivyotufundisha Mtume (S.A.W.), kwamba anayekula kwa kusahau aikamilishe saumu yake, kwani Mwenyezi Mungu ndiye aliyemlisha. Tena yeye hajabaleghe, saumu si faradhi kwake. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Halafu akala tende, na nyingine, na sambusa sijui ngapi.

Tangu hapo tunaoka mchana nikiwa peke yangu, na kupamba ni baada ya futari. Anayefunga asipewe bakuli la sukari saa kumi jioni, hata akiomba mwenyewe.

Hii inakwenda vizuri pia na hesabu ya mwezi. Oka tarehe 25 au 26, zihifadhi bila aisingi kwenye kopo linalofunga barabara, maana hewa yetu ya chumvi na unyevu huzilainisha kwa siku moja. Pamba usiku wa kuamkia 29, zikauke hadi asubuhi chini ya feni bila kupandanishwa. Mwezi ukiandama jioni ile, sahani za majirani ziko tayari. Usipoandama, zifiche.

Feri ilikwenda kwa nyanya yake siku ya Mfunguo Mosi, nusu ina madirisha na nusu haina.