Kutoka Rola hadi Skrini: Historia ya Baiskeli Isiyokwenda Popote

Wengi hudhani kwamba mazoezi ya baiskeli chumbani yalianza na intaneti, hasa baada ya programu ya Zwift kuingia sokoni mwaka 2014. Historia inawakatalia. Mwishoni mwa karne ya 19 waendesha baiskeli wa Ulaya na Marekani walikuwa tayari wakipiga pedali juu ya rola theluji ilipofunga barabara. Meli ya Titanic nayo, ilipong'oa nanga mwaka 1912, ilikuwa na chumba cha mazoezi chenye baiskeli zilizofungwa sakafuni, na ukutani duara kubwa lenye mishale ya kuonyesha umbali. Nikiitazama safari hii ndefu, naona inaelekea upande mmoja: kila chombo kipya kimempima mwanariadha kwa usahihi zaidi, na kimemfundisha barabara kidogo zaidi.

Rola za zamani ni mapipa matatu membamba yanayozunguka, mawili chini ya gurudumu la nyuma na moja chini ya la mbele, yakiunganishwa kwa mkanda. Hakuna kinachoishika baiskeli. Ukikaza mabega au kukanyaga pedali kwa kushtukashtuka, gurudumu la mbele linateleza pembeni na unajikuta sakafuni. Kwa hiyo rola zilifundisha utulivu wa mwili na mguu unaozunguka sawasawa. Baadaye ikaja mashine inayobana ekseli ya nyuma, ikamruhusu mpandaji kusukuma kwa nguvu zake zote bila hofu ya kuanguka. Suala la kujisawazisha likaishia hapo. Za siku hizi huondoa kabisa gurudumu la nyuma, mnyororo ukavishwa kwenye mashine yenyewe, na kompyuta ndiyo inayoamua mlima uwe mkali kiasi gani. Wati zinasomeka moja baada ya nyingine, lakini hakuna kona, hakuna breki, hakuna bega la mwenzio linalokugusa.

Hakuna upepo pia, na hili ndilo pengo kubwa kuliko yote. Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu za mpandaji huishia katika kuisukuma hewa. Mmarekani Charles Murphy, hodari wa rola, alishikilia kwamba bila upepo binadamu angeweza kwenda sambamba na treni. Tarehe 30 Juni 1899 shirika la reli la Long Island lilimtandikia mbao katikati ya reli, likajenga kinga ya upepo nyuma ya behewa, naye akalifuata kwa karibu. Alimaliza maili moja kwa sekunde 57.8, yaani takriban kilomita 100 kwa saa, kisha watu waliokuwa ndani ya behewa wakamvuta juu pamoja na baiskeli yake. Murphy alithibitisha alichosema, na papo hapo akaonyesha jinsi kasi ya chumbani isivyolingana na ya barabarani. Isitoshe, hewa inayozuia ndiyo hiyo inayopoza. Karibu robo tatu ya nishati ya misuli hugeuka joto, ndiyo maana anayejifungia ndani bila feni huchoka mapema.

Watetezi wa chumba wana ushahidi mzito, na hauwezi kupuuzwa. Mathew Hayman alivunjika mkono Februari 2016, akafanya mazoezi ndani kwa wiki kadhaa, na Aprili akashinda Paris–Roubaix, mbio maarufu kwa barabara zake za mawe. Lakini ile ilikuwa mara yake ya 15 kushiriki: mashine ilimtunzia nguvu, mawe alikuwa ameyajua kwa miaka mingi. Jay Vine naye alipata mkataba wa kulipwa kupitia shindano la Zwift la mwaka 2020, na mwaka 2022 akashinda hatua mbili za Vuelta a España. Zote mbili ziliishia milimani, ambako kundi huchanguka na mapafu ndiyo huamua. Mashindano ya dunia yalipofika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika, Vine alitwaa fedha katika mbio dhidi ya saa, ambazo kila mmoja hukimbia peke yake. Kila ushindi wa aina hii unasema jambo lilelile: chumba hujenga injini, na anayeingia katika msongamano wa wapandaji 150 anahitaji zaidi ya injini.

Mashine hizi zilizaliwa na baridi na giza la kaskazini, mambo ambayo Kigali wala Nairobi haiyajui. Kwetu sababu ya maana ya kujifungia ndani ni malori na matatu. Basi viongozi wa vilabu vyetu, mkipata fedha kidogo, anzeni na kofia ngumu, breki nzuri na gari la kuwasindikiza vijana barabarani. Mashine ifuate baadaye.