Nani Ameshika Saa? Utaratibu wa Kazi na Ubunifu wa Mfanyakazi

Katika mijadala yetu kuhusu viwanda na biashara kuna dhana iliyozoeleka kiasi kwamba haihojiwi tena: kwamba utaratibu sanifu wa kazi na ubunifu ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Anayefuata hatua zilizoandikwa, tunaambiwa, hawezi kuvumbua. Na anayetaka kuvumbua sharti avunje taratibu. Dhana hii naikuta kwa wanafunzi wangu kila mwaka, na naisikia kwa wakuu wa mashirika wanaohimiza ubunifu asubuhi na kudai utii mchana. Naamini swali limewekwa vibaya. Historia ya viwanda inatufundisha kuuliza jambo jingine: huo utaratibu ameuandika nani, na nani ana haki ya kuubadili?

Tuanze na mhandisi wa Kimarekani, Frederick Taylor, ambaye mwaka 1911 alichapisha kitabu chake kuhusu kanuni za usimamizi wa kisayansi. Taylor aliona kuwa mafundi viwandani walificha ujuzi wao na kufanya kazi polepole kwa makusudi. Tena aliijua sababu. Walilipwa kwa kipande, na kila walipoongeza uzalishaji mwajiri alipunguza malipo ya kila kipande. Kuificha njia ya haraka kulikuwa ngao ya mnyonge. Dawa aliyoitoa Taylor ilikuwa kuyachota maarifa hayo kutoka kwa fundi, kuyapima kwa saa ya kuhesabia sekunde, kisha kumrudishia fundi yuleyule yakiwa amri. Kufikiri kukahamia ofisi ya mipango. Fundi akabakiwa na mikono.

Mafundi walielewa mara moja kilichokuwa kikichukuliwa. Agosti 1911, katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, fundi mmoja wa kusubu chuma alikataa kupimwa kwa saa, akafukuzwa kazi. Wenzake wakaweka zana chini na kutoka. Bunge la Marekani liliunda kamati, Taylor mwenyewe akahojiwa, na mwaka 1915 Bunge likazuia fedha za jeshi kutumika kuwapima wafanyakazi kwa saa hizo.

Henry Ford alikutana na tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Mwaka 1913 alianzisha mstari wa kuunganishia magari unaotembea katika kiwanda chake cha Highland Park. Muda wa kuunganisha fremu ya gari na sehemu zake ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi takribani saa moja na nusu. Ni ushindi mkubwa wa utaratibu. Lakini mwaka huohuo kiwango cha wafanyakazi kuacha kazi na kubadilishwa kilifikia asilimia 370. Yaani, kujaza nafasi 100 kulihitaji kuajiri watu karibu 400 kwa mwaka. Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku. Fedha hiyo ilinunua mahudhurio. Fikra za mfanyakazi hazikuwamo katika mkataba.

Mkondo wa pili wa historia hii unatokea Japani. Mwaka 1950 kampuni ya Toyota ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Kulikuwa na mgomo mkali, na mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Mwaka huohuo Eiji Toyoda alikwenda Marekani kujifunza katika viwanda vya Ford. Miongoni mwa alivyorudi navyo ni utaratibu wa kukusanya mapendekezo ya wafanyakazi, ambao Toyota iliuanza mwaka 1951. Naye Taiichi Ohno, aliyeujenga mfumo wa uzalishaji wa kampuni hiyo, alisisitiza kuwa karatasi ya utaratibu wa kazi iandikwe na watu wa karakana wenyewe, ibandikwe inapoonekana, na irekebishwe kila njia bora zaidi inapopatikana.

Mantiki yake ni nyepesi, hata jikoni inajulikana. Mpishi anayebadili chumvi, maji na moto kwa siku moja hawezi kujua ni kipi kilichoupa wali ladha. Ili ajue, lazima mengine yabaki vilevile. Utaratibu sanifu ni kipimo: bila kujua jana kazi ilifanywaje, hatuwezi kusema kama badiliko la leo ni maendeleo au ni bahati tu.

Mtu anaweza kusema kuwa hayo ni ya Wajapani na utamaduni wao. Jibu linapatikana Fremont, California. Kampuni ya General Motors ilifunga kiwanda chake hapo mwaka 1982, kikiwa na sifa mbaya ya utoro na migogoro isiyokwisha. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kilekile, na wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa zamani. Utoro ukashuka sana, na ubora wa magari ukawa wa kulinganishwa na wa Japani. Kazi ilisanifishwa kwa ukali kuliko awali, kila tendo likihesabiwa kwa sekunde. Tofauti ni kwamba safari hii saa ilikuwa mkononi mwa wafanyakazi. Wao ndio waliopimana, wakalinganisha njia, wakaandika iliyo bora. Na kila mmoja alikuwa na kamba ya kuvuta kuomba msaada, hata ikibidi kuusimamisha mstari mzima.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo wasifu wengi wa mfumo huu hulipita haraka. Mauzo yalipodorora mwishoni mwa miaka ya 1980, NUMMI haikupunguza wafanyakazi. Iliwapeleka mafunzoni na katika kazi za maboresho. Hakuna anayetoa wazo litakaloifuta ajira yake. Mafundi wa zama za Taylor walilijua hilo. Wakosoaji nao walikuwa na hoja ya haki, kwamba mfumo huu unaweza kumkamua mfanyakazi hadi sekunde ya mwisho. Ndiyo maana chama imara cha wafanyakazi hakikuwa pambo pale Fremont.

Nasi Tanzania hatuko nje ya historia hii. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi, lakini uliyapa kazi ya kushauri, na ushauri waweza kusikilizwa au kupuuzwa. Tangu mwaka 2007 hospitali zetu, kuanzia ile ya rufaa ya Mbeya, zimeupokea mfumo wa Kijapani wa S tano, zikaupa maneno ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tazama mpangilio wake. Kusanifisha ni hatua ya nne. Anayestahili kusanifisha ni yule aliyekwisha kusasambua, kuseti na kusafisha, yaani muuguzi, mhudumu na mtunza stoo. Bango likiletwa limekamilika kutoka juu, tumerudi Watertown.

Kwa hiyo, mkuu wa taasisi anayelalamika kuwa watu wake hawana ubunifu asianze na semina. Afungue kitabu cha taratibu za ofisi yake, aulize maswali matatu. Ukurasa huu uliandikwa na nani? Mara ya mwisho ulibadilishwa lini kwa pendekezo la mtumishi wa chini? Na huyo aliyependekeza, leo yuko wapi? Majibu ya maswali hayo yatamwambia kama anaongoza watu wasio na mawazo, au watu waliojifunza kuyaficha.