Waandishi wa Ridhaa na Funguo za Ghala

Muhula uliopita mwanafunzi wa mwaka wa pili alikuja ofisini kwangu kwa jambo ambalo halikuhusu kozi yangu. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akiandika hadithi ndefu mtandaoni, sehemu baada ya sehemu, miongoni mwa waandishi wenzake wa ridhaa. Alikuwa amefikia sehemu ya 43. Asubuhi moja akakuta akaunti yake imefungwa bila maelezo, na hadithi yote imetoweka pamoja na maoni ya wasomaji. Nakala hakuwa nayo, kwa sababu alikuwa akiandika moja kwa moja kwenye simu. "Mwalimu," aliniuliza, "hapa nimlalamikie nani?"

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko intaneti. Watu wasiolipwa kwa kuandika, wanaosomana na kusahihishana wenyewe, wamekuwapo kwa zaidi ya karne moja, na kila kizazi chao kimekutana na tatizo lile lile: maneno ni yetu, lakini ghala ni la nani?

Tarehe 4 Julai 1876, Marekani ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100 ya uhuru wake, vijana kadhaa walikutana Philadelphia wakaunda chama kilichoitwa National Amateur Press Association. Kilichowapa nguvu ni mashine ndogo za mkono za kupiga chapa, ambazo wakati huo zilikuwa zimeanza kuuzwa kwa bei ambayo familia ya kipato cha kati iliweza kuimudu. Kijana alipanga herufi za risasi mwenyewe, akachapa nakala chache za kijigazeti chake, akazituma kwa posta kwa wanachama wenzake, nao wakamtumia vya kwao. Chama kilikuwa na katiba, kilikuwa na viongozi wa kuchaguliwa, na kilikuwa na ugomvi usiokwisha juu ya uchaguzi huo. Mitambo ilikuwa mali ya waandishi wenyewe. Hakuna aliyeweza kuamka asubuhi akaizima yote kwa mkupuo.

Katika ulimwengu huo, mwaka 1914, aliingia kijana wa miaka 23 kutoka mji wa Providence, H. P. Lovecraft. Hakuwa amemaliza shule, hakuwa na kazi, na kwa miaka kadhaa alikuwa amejifungia nyumbani. Kilichomtoa ni malumbano kwenye safu ya barua za wasomaji katika gazeti la hadithi, ambako ukali wa kalamu yake ulimvutia mwanachama wa chama kingine cha namna hiyo, United Amateur Press Association. Humo alipewa kazi ya kuhakiki maandishi ya wenzake, akaanzisha kijigazeti chake, The Conservative, na mwaka 1917 akawa rais wa chama. Hadithi yake "The Alchemist", aliyoiandika mwaka 1908, ilikaa kabatini hadi jarida la chama lilipoichapa mwaka 1916.

Sitaki kumpamba. Lovecraft alikuwa mbaguzi wa rangi wa waziwazi, na baadhi ya kurasa za The Conservative ni ushahidi wa jambo hilo. Jumuiya ya waandishi haimtakasi mtu. Inachompa ni wasomaji, na kwa mwandishi anayeanza wasomaji ndiyo shule. Alipofariki mwaka 1937 akiwa maskini, hakuwa ameona kitabu kikubwa cha kukusanya hadithi zake. Waliomwokoa na usahaulifu ni wawili kati ya wale aliozoea kuandikiana nao barua, August Derleth na Donald Wandrei, ambao mwaka 1939 waliunda shirika la uchapishaji la Arkham House ili kuchapa kazi zake. Ghala lake likawa marafiki.

Kizazi kilichofuata kilitumia mashine za kurudufu za stensili, zile zile ambazo wengi wetu tuliziona kwenye ofisi za walimu wakuu zikichapa mitihani. Mwaka 1967 mashabiki wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek walitoa Spockanalia, jarida lililokusanya makala na hadithi zilizotungwa na watazamaji juu ya wahusika wa tamthilia hiyo. Wahariri wake wawili walikuwa wanawake, na katika miaka iliyofuata wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya uandishi huu wa mashabiki. Nyumba za uchapishaji hazikuwa na nafasi kwa hadithi za namna ile, na sheria ya hakimiliki ilizitazama kwa jicho la shaka. Basi majarida yalipita mkono kwa mkono na kwa posta, yakiuzwa kwa bei ya kurudisha gharama ya karatasi.

Intaneti ilipokuja, iliondoa gharama ya karatasi, na pamoja nayo ikaondoa umiliki wa mtambo. Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Mwenye mashine ya kurudufu alikuwa maskini lakini mashine ilikuwa yake. Mwenye ukurasa wa bure mtandaoni ni mpangaji asiyelipa kodi, na mpangaji wa namna hiyo hana mkataba wa kumlinda. Mwaka 2002 tovuti ya FanFiction.Net, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipiga marufuku hadithi za watu wazima, nazo zikaondolewa. Mwezi Mei 2007 kampuni iliyokuwa ikimiliki LiveJournal ilifunga mamia ya akaunti ikidai kupambana na maudhui yanayowadhuru watoto. Lengo lilikuwa la haki, lakini panga lilikata ovyo: zilifungwa pia akaunti za mashabiki wa fasihi na za watu waliosimulia namna walivyonusurika ukatili. Kampuni iliomba radhi na kurudisha nyingi kati ya hizo. Mwaka huo huo tovuti ikauzwa kwa kampuni ya Urusi, na kufikia mwaka 2017 watumiaji wake walijikuta wakitakiwa kukubali masharti yanayofuata sheria za Urusi. Mwaka 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, na kurasa zisizohesabika za watu wa kawaida zikazimika. Tulizo nazo leo ni zile zilizonakiliwa haraka na watu wa kujitolea.

Baadhi ya waandishi walichoka kuhamahama. Mei 2007 mwandishi wa riwaya Naomi Novik alitoa wito kwamba mashabiki wajenge ghala lao wenyewe, lisilo na matangazo ya biashara. Katika mwaka huo liliundwa shirika lisilolenga faida, Organization for Transformative Works, na Novemba 2009 ghala lao, Archive of Our Own, likafunguliwa kwa umma. Programu waliiandika wenyewe, wengine wakijifunza kazi hiyo papo hapo. Walinunua seva zao, wakaweka wanasheria wa kujitolea, na wajumbe wa bodi yao wakawa wa kuchaguliwa. Mwaka 2019 ghala hilo lilipata tuzo ya Hugo. Ukitazama vizuri utaona wamerudi Philadelphia ya mwaka 1876: katiba, uchaguzi, ugomvi, na mtambo wao wenyewe.

Lakini hata nyumba yako mwenyewe inaweza kuzibwa njia. Mapema mwaka 2020, baada ya mashabiki wa mwigizaji mmoja maarufu wa China kuishtaki hadithi moja kwa mamlaka, ghala hilo lilizuiwa nchini humo. Mashine zilibaki salama, wasomaji wakakatwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani ya historia hii. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha tungo za walimu, makarani na wasomaji wengine, ambao walijibizana kwa mashairi kutoka toleo moja hadi jingine. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha. Lakini Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na mhariri ndiye aliyekuwa na funguo. Aliyekuwa nje ya mlango alisubiri. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri yeye mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 maandishi yale yalikuwa hatarini kwa moto, maji na mchwa.

Simu imefupisha kungoja huko hadi dakika moja, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake kwa jumla zilifikia shilingi 2,100,000. Kanuni hizo zimefanyiwa marekebisho tangu wakati huo. Lakini fikiria mwanafunzi wangu angefanya nini mwaka ule kama angetaka kujenga ukurasa wake badala ya kuazima wa kampuni ya kigeni. Sheria iliyokusudiwa kudhibiti uchochezi ilimsukuma mtunzi wa hadithi za mapenzi arudi kwa mwenye nyumba asiyemjua, asiyesoma Kiswahili, na asiye na ofisi ya kupokea malalamiko.

Kwa hiyo ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma, mnapoandaa kanuni, mpimeni pia mtu asiyepata hata senti kwa anachokiandika. Ninyi wanaharakati mnaodai uhuru wa kujieleza, ongezeni katika madai yenu haki ya kurudishiwa maandishi yako pale akaunti inapofungwa. Maktaba zetu za vyuo vikuu, ambazo zinatunza tasnifu zisizofunguliwa na mtu, zingeweza kutenga seva moja kwa ajili ya hadithi zinazosomwa kila usiku. Na ninyi wanafunzi, kabla ya kungoja yote hayo, wekeni nakala.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya wiki 3. Alikuwa amewatafuta wasomaji wake mmoja mmoja, na kati yao walikuwapo waliozoea kunakili kila sehemu na kuihifadhi ili waisome wakiwa hawana bando. Sehemu 29 zilipatikana. Zilizobaki anaziandika upya, safari hii kwenye daftari kwanza. Maoni ya wasomaji hayakupatikana, na ameniambia kwamba hayo ndiyo yanayomuuma zaidi.