Faili la printa kwenye AS/400: utumie la jumla au utengeneze lako?

Hili swali vijana wananiuliza sana. Unaandika programu ya ripoti kwa RPG kwenye AS/400 (mashine ya IBM iliyotoka 1988, mfumo wake leo unaitwa IBM i). Je, utumie faili la printa la jumla au utengeneze lako?

La jumla ni QSYSPRT, linakuja na mfumo wenyewe. Kwa kawaida ukurasa wake ni mistari 66, kila mstari herufi 132. Mpangilio wote, jina likae wapi na jumla ikae wapi, unauandika ndani ya programu. Ni chapchap kweli, lakini bosi akitaka safu isogee kidogo tu, unafungua programu na kuikompaili upya.

La kwako unaliandika pembeni kwa DDS, halafu unalitengeneza kwa amri ya CRTPRTF. Kusogeza safu unagusa faili tu, programu unaiacha ilivyo. Ila ukiongeza data mpya au ukirefusha iliyopo, kompaili na programu pia, la sivyo itagoma na ujumbe wa CPF4131.

Sasa nisikilizeni mimi yaliyonikuta. Kwenye kampuni moja niliambiwa nichapishe ankara kwenye karatasi fupi za mistari 33. Kwa uvivu wangu nikabadilisha QSYSPRT yenyewe kwa CHGPRTF. Ankara zikatoka safi, nikaenda zangu nyumbani. Kumbe ripoti ya mishahara nayo inatumia faili hilohilo! Asubuhi mhasibu kanijia na rundo la karatasi, kila ukurasa umekatika katikati, na watu wanasubiri hela zao. Siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke.

Kumbe dawa ilikuwepo: OVRPRTF. Unaiita kabla ya programu, inabadilisha ukubwa wa ukurasa, nakala au foleni ya printa kwa kazi yako peke yako. Wengine hawaguswi.

Kwa hiyo mimi nagawa hivi. Orodha ya kujikagulia mwenyewe, QSYSPRT inatosha. Ankara, hundi, hati ya mshahara, chochote kinachokwenda kwa mteja au kwenye karatasi maalumu, tengeneza faili lako tangu siku ya kwanza. Na faili la wote usilibadilishe hata siku moja.

Naomba kuwasilisha. Mwenye la kuongeza, karibu.